Jina Langu Halikuwemo Kwenye Rejista

Wiki sita mfululizo kiranja aliniandika mpiga kelele, na mimi sikuwa nimefungua mdomo hata siku moja.

Ndivyo nilivyoamini.

Mimi na mama tulikimbia kutoka kwetu, vyeti vyangu vikapotea njiani. Mkuu wa shule mpya alinipokea, ila jina langu lisingeingia kwenye rejista mpaka karatasi zije. Na asiyekuwemo kwenye rejista hafanyi mtihani. Mwaka mzima ungeniponyoka.

Basi kila asubuhi mwalimu anaita majina, wenzangu wanaitika, mimi naangalia dawati. Waliniita Mgeni. Mapumziko nilijibanza nyuma ya vyoo, nafunga kamba za viatu, nafungua, nafunga tena. Upweke unauma, acha tu.

Aliyenimaliza ni huyo kiranja, binti mmoja mkavu, jina la utani Rula. Kila asubuhi ananikazia macho, anafungua daftari lake, anaandika.

Kelele zipi sasa, dada?

Siku moja nikamwambia mama siendi tena. Alikuwa kwenye cherehani, hakuinua hata kichwa.

"Ukikaa nyumbani utafanya mtihani gani, mwanangu?"

Nikajifunika shuka.

Jioni mlango ukagongwa. Rula.

"Shikamoo mama," akasema. Kisha akanigeukia. "Leo umeniharibia hesabu."

Akafungua daftari. Juu kabisa, jina langu kamili. Chini tarehe zimepangwa, na mbele ya kila tarehe: yupo, yupo, yupo.

Ya siku hiyo: hayupo.

"Rejista haina jina lako, nikakufungulia yako. Kesho nampelekea mkuu. Uje."

"Mbona hukuwahi kunisemesha?"

Akatazama viatu vyake. "Nilikuogopa. Muda wote umenuna."

Kumbe tulikuwa tunaogopana.

Kesho yake mkuu alilisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa. Akachukua kalamu, akaniandika kwenye rejista kwa mkono wake, akasema karatasi zitafuata.

Jumatatu mwalimu akaita jina langu. Nikabaki naangalia dawati kama nilivyozoea. Rula, aliyehamia kando yangu siku hiyo, akanikanyaga mguu chini ya dawati.

"Itika basi, tunakusubiri wewe."

Niliitika huku nalia. Mtihani nilifanya, nikafaulu.

Wewe unayesoma hapa, kama darasani kwenu kuna mtoto aliyetoka mbali, mtetee, lakini pia msemeshe. Mimi nilikuwa na mtu wa kunitetea wiki sita nzima, na wiki hizo zote nilikula peke yangu.