Kifuniko cha Mahameli

Alipostaafu, fundi wa simu alijitengenezea amplifaya, kisanduku cha kuiongezea nguvu redio yake ya mawasiliano ili sauti ivuke milima. Nguvu alizipata, joto ndilo lililomshinda. Kila alipobonyeza kitufe na kuongea, transista zake, vijipande vya ndani vya kukuza mawimbi, zilipata moto, na kipande cha alumini alichozifungia kilikuwa kidogo mno kuziondolea joto. Akajiwekea sheria: kuongea dakika tano, kuzima dakika ishirini ipoe.

Dakika hizo ishirini zilikuwa za mkewe, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha mbele. Mzee alivuta kigoda, akamtungia uzi, akamsimulia ya hewani: nani kaibiwa kuku, nani kapata mjukuu, mvua imeng'oa daraja gani. Mkewe alicheka mpaka mshono ukaenda upande. Miaka thelathini ya ndoa, hawakuwahi kupiga soga namna ile.

Ila nusu ya habari zilitoka kwa nesi mmoja mstaafu, wa mji wa mbali. Dada Nesi kasema hivi, Dada Nesi kasema vile. Mkewe alimeza tu. Maadamu yule alipata dakika tano na yeye ishirini, alijiona yuko mbele.

Siku moja mzee akaja amekumbatia feni na bonge la alumini lenye mapezi ya kutolea joto.

"Dada Nesi ndiye kanishauri," akasema, anang'aa kama bwana harusi. "Sasa naongea saa nzima, haipati hata vuguvugu!"

Na kweli aliongea. Kicheko kikawa kinapenya ukutani, kigoda kitupu, na mwanamke roho inamuuma mpaka anajidunga sindano. Anacheka naye huko, mimi ananiuliza chai iko wapi!

Basi akashona kifuniko cha mahameli, bitana mara mbili. "Vumbi litakuharibia mashine yako," akamwambia, jicho kavu.

"Wewe mke wangu wewe! Na nilidhani unaichukia."

Tuseme ukweli, alijua anachofanya. Mtu anayeshinda na pasi anajua kitambaa kizito hufanya nini na joto. Hakutaka iungue; alitaka tu ianze tena kuhitaji mapumziko. Lakini mzee, kwa kuiamini feni, aliongea bila kukivua kifuniko, na alikuwa ameacha kuigusa mashine kupima joto. Siku ya tatu, katikati ya maongezi, harufu ya plastiki ikajaa nyumba. Feni ilikuwa imenyonya bitana, transista zote zimekwisha.

Mzee alikikunja kifuniko taratibu, akakiweka kabatini. Kukunja huko kulimchoma mkewe kuliko matusi.

Kesho yake mzee alikuja kwenye kigoda asubuhi, akakaa mpaka adhuhuri. Mkewe akampa sindano na uzi.

"Haya, nisimulie."

Mzee akatunga uzi, akamrudishia sindano.

"Nikusimulie nini, mama watoto? Si tumeshinda wote humu humu ndani?"