Jinsi tumbo langu lilivyopewa choo chake wakati wa korona

Salamu kwenu wakuu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na anayedhani natia chumvi aje Mtwapa nimuoneshe ploti yenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu Takaungu, lakini nimepanga Mtwapa, ploti ya vyumba vinane na vyoo viwili uani.

Nina ugonjwa unaitwa ulcerative colitis. Kwa lugha nyepesi, kinga ya mwili imeamua kwamba utumbo wangu ni adui, inaupiga hadi unatoka vidonda. Ukichachamaa unaharisha damu. Hauambukizi.

Nameza dawa za kuituliza hiyo kinga. Miaka minne sikumwambia mtu pale plotini. Utaanzia wapi?

Ikaja korona.

Kwenye WhatsApp nikaletewa sauti ya mtu nisiyemjua, anasema wanaomeza dawa za kushusha kinga ndio watakaotangulia. Nikaacha dawa siku hiyo hiyo, bila kumuuliza daktari. Hapa mnitukane tu, ni haki yenu.

Wiki ya tatu tumbo likafunguka. Nashona barakoa tatu, nakimbia msalani, narudi nashona mbili.

Na redio nayo ikatangaza kwamba kuharisha kwaweza kuwa dalili ya korona.

Jirani mmoja akanishtaki kwa Mzee Karisa, mwenye ploti, naye akaitisha kikao. Kila mtu akasimama mlangoni kwake, tukawa tunasemezana kwa sauti kuvuka ua.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mimi sina korona. Nina ugonjwa wa utumbo, wa zamani."

"Marahaba. Wa zamani tangu lini?"

"Miaka minne."

"Basi labda wewe ndiye uliyeileta."

Na wala hakuwa akitania.

Kikao kikaamua choo kimoja kiwe changu peke yangu, cha pili kiwe cha vyumba saba. Mlango wa changu ukaandikwa kwa chaki: CHOO CHA KORONA.

Wakuu, sitawadanganya, nilifurahi. Mwenye tumbo kama langu huota choo chake mwenyewe kama wengine wanavyoota gari.

Siku ya nne foleni ya choo chao ilifika kwenye kamba ya nguo. Mzee Karisa akanijia, barakoa mbili usoni.

"Mwanangu, niazime choo chako."

"Na korona, mzee?"

"Nitabana pumzi."

Akabana kweli. Alitoka macho mekundu, akanipungia mkono bila neno, akaenda mbio hadi barazani ndipo akahema. Kufikia Ijumaa nilikuwa na watu watano wa kubana pumzi.

Lakini mimi nilikuwa naisha. Suruali nilizojishonea mwenyewe zilikuwa hazikai kiunoni. Jumamosi nikazimia, kichwa juu ya cherehani.

Aliyeniokota ni Mama Mwende, muuza mboga wa chumba cha pili, yule yule aliyenishtaki kwa mzee. Akanipeleka hospitali Kilifi.

Nesi akauliza naenda choo mara ngapi kwa siku. Kwa haya nikasema, "Sita hivi."

Mama Mwende akatoa daftari mkobani. "Jumatatu kumi na nne. Jumanne kumi na saba. Alhamisi ishirini na moja, na alikuwa anakaa sana."

Kumbe alikuwa akinihesabu dirishani apate ushahidi wa kunifukuzisha.

Daktari wangu akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akaomba alipige picha. Nikapimwa korona, sina. Nikalazwa siku tisa, nikaongezwa damu, nikaanzishiwa dawa upya.

"Ungechelewa siku chache utumbo ungetoboka," akaniambia. "Kwa nini hukunipigia kabla ya kuacha?"

Mtu wa WhatsApp nilimwamini bila kumjua jina.

Wageni walikatazwa wodini, kwa hiyo Mama Mwende alipiga simu kila jioni. Hakuwa na salamu ndefu. "Leo ngapi?" Siku niliyomjibu tatu, alisema, "Haya, nimeandika," akakata.

Nimejifunza kwamba dawa ya daktari huachishwa na daktari. Na kuficha ugonjwa kulinikondesha kuliko ugonjwa wenyewe: kama ploti ingejua mapema, wangenikimbiza hospitali badala ya kunikalia kikao.

Najua humu wapo wenye matumbo kama langu, mnasoma kimya kimya. Karibuni. Wewe ulimwambia nani kwanza?