Mvumu wa Mwalimu

Nilifika Heru Juu kufundisha nikitokea Tanga, nikijiona nimestaarabika kuliko kila mtu niliyemkuta. Ujinga mtupu.

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane. Mwisho wa kiangazi alikwenda Murungu, ambako shamba la marehemu mama yake lilikuwa limeuzwa, naye mnunuzi akawa anafyeka miti yote. Alirudi kwa bodaboda, amekumbatia gogo lisilo na jani hata moja, nene kama mkono. Aliliegemeza ukutani siku kadhaa, kisha akalisimika uani, bila kulimwagilia hata tone. Sikuuliza ni la nini. Nikawa naanika taulo langu juu yake.

Jumapili moja, yeye yuko kanisani, mkaa uliniishia na maharage bado magumu. Nikaling'oa lile gogo. Panga lilipozama, ukatoka utomvu mweupe kama maziwa. Niliuona vizuri kabisa, nikajua ni mti hai, nikaendelea kukata. Halikuwaka hata, lilifuka moshi tu.

Alirudi akasimama juu ya shimo. "Mwalimu, muti wangu uko wapi? Ule ni muvumu wa mama. Kule hakubaki kitu."

"Mbuzi, mama," nikasema. "Nimekuta wameung'oa na kuutafuna."

Akawafunga mbuzi wake kamba fupi, huku akilia. Mimi nikaingia ndani.

Kipande kimoja nilikuwa nimekitupa nyuma ya choo. Kesho yake nikakisimika hukohuko. Kilipochipua, mama akapiga vigelegele: "Mwalimu ameshakuwa Muha, amesimika muvumu!" Nikamdanganya tena kwamba nimekikata njiani, nikitoka Kasulu mjini.

Leo mti umepita paa. Mwaka ambao mvua iligoma na mahindi yakakauka, wenyewe ulibaki kijani, na ndege wote wa mtaa wakahamia humo. Ninga na hondohondo hugombania tini zake ndogo tangu asubuhi. Watu wanauita mvumu wa mwalimu, nami naitikia.

Juzi mama alisimama chini yake na ungo wa maharage aliyoniletea, akawatazama ndege, akaushika mti.

"Ule wa mama nao ungekuwa mukubwa hivi," akasema. "Wale mbuzi, basi tu."

Ndio huohuo uliokuwa chini ya kiganja chake. Ningesema neno moja tu, angeupata. Nikafikiria uso wangu mbele ya mtaa mzima.

"Pole, mama," nikasema.

"Asante, mwanangu," akajibu, akanikabidhi ungo.