Kidole Changu Mdomoni mwa Kabula

Mimi ni askari wa geti katika kambi ya mgodi wa almasi hapa Songwa, na kazi hii imeniharibu. Nikimwona mtu ameinama, najua ameokota kitu.

Ndiyo maana Mama Kabula alininyima raha. Kila asubuhi alikaa mlangoni kwake humu kambini na bintiye wa miaka minne, ambaye hakuwa amewahi kusema neno, wakihamisha vijiwe kutoka bakuli hadi bakuli, kimoja kimoja. Kisha mama humtia mtoto kidole mdomoni, na mtoto hubaki akitafunatafuna asichomeza. Nani anachezea mawe kwa umakini ule, tena mgodini?

Juzi walifika getini wakienda sokoni.

"Shikamoo baba," akasema mama.

Nilikuwa nikimtazama bintiye. Shavu la mtoto lilikuwa likitembea.

"Toa," nikamwamuru Kabula. Akaendelea kutafuna. Nikamshika kidevu, nikatumbukiza kidole mdomoni mwake nitafute almasi.

"Baba, hiyo ni asali," mama akasema. "Nesi wa misheni ameniambia nimpake kwenye kaakaa, huku juu mdomoni, ulimi ujifunze kupanda ili aseme. Na vijiwe ni vya kumzoesha vidole."

Hapo ningeomba radhi yaishe, lakini Kabula alikuwa ameshaniuma. Nilipiga yowe mpaka bwana mkubwa akatoka ofisini. Mtoto alipoachia, mkono wangu ulikuwa bado kwenye kidevu chake.

"Toa," akasema Kabula, neno lake la kwanza tangu azaliwe, na geti zima likalisikia.