Kifaru cha Yaya Amisi

Siku lile sanduku lilipoingia kwetu naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu. Kaa chini kwanza. Hiyo simu iweke pembeni, haitakimbia. Mimi nikianza habari ya yaya yangu Amisi, kaka yangu mkubwa, sipendi mtu aniangalie nusu nusu.

Uhuru ulikuwa umefika juzi tu, na Wazungu walikuwa wanaondoka Kisangani nyumba kwa nyumba. Yaya alikuwa karani katika duka la Mgiriki mmoja wa vitambaa, kule katikati ya mji. Mgiriki alipofunga duka, mtoto wake wa kiume akampa yaya sanduku la karatasi ngumu ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulibeba safarini. Juu yake palikuwa na picha ya kifaru, lile gari la vita lenye mzinga, linapanda matope na moto nyuma yake. Ukifungua ndani, kifaru hakuna. Mna vipande vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, na karatasi ya michoro na namba, na kijitubu cha gundi. Ilikuwa kazi ya mwenye kununua kukijenga mwenyewe.

Mama alisema, "Ee, Mugiriki amekuachia takataka!" Tukacheka. Yaya hakucheka. Alikuwa amekwisha kukaa barzani na ile karatasi.

Nyumba yetu ilikuwa huku huku mtaa wa Tshopo, na Papa alikuwa fundi wa kushona kanzu. Basi yaya akachukua pembe moja ya meza ya cherehani, na kwa miezi pembe ile ikawa yake. Kila kipande alikikata kwa wembe wa kunyolea. Palipobaki kijikovu alisugua kwa jani la msasa, lile jani la kukwaruza ambalo wachonga mbao wanalainishia vinu na viti. Gundi hakuiminya ovyo. Alichovya ncha ya sindano ya Papa, akagusa, akapuliza, akashika mpaka vidole vikafa ganzi. Ule mnyororo ambao kifaru kinatembelea ulikuja vipande vipande, kila pingili ya kubandikwa peke yake. Upande mmoja ulikwenda kombo, akaubandua wote akaanza upya. Gurudumu moja halikuwamo sandukuni kabisa. Alitafuta kifungo cha shati katika kopo la Papa, akakisugua kwa msasa mpaka kikaenea. Rangi ya kijani aliomba kwa jirani aliyekuwa anapaka mlango, akaizimua kwa petroli. Yaya alikuwa na mikono ya baraka, wallahi, na hilo silikatai mpaka leo.

Kilipokwisha, Papa, mtu ambaye hakuwa na maneno mengi, alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka kifaru juu yake, na Ijumaa baada ya sala akaita watu waje kuona. Ungedhani tumepata mtoto mchanga! Mama akakaanga mikate, akapika chai ya tangawizi. Mzee mmoja wa msikitini akagusa mzinga kwa kidole, mzinga ukageuka ukamtazama, mzee akaruka nyuma na kikombe chake. Watu walicheka mpaka machozi.

Halafu mtu mmoja akasema, "Huyu hapana karani tena. Huyu iko Ingénieur!"

Ingénieur, yaani injinia, mtu aliyesomea mashine. Wakati ule wa uhuru majina makubwa yaligawiwa kama mikate ya sadaka. Kila mtaa ulikuwa na Directeur wake, yaani mkurugenzi, na Directeur hana hata kiti. Siku ya kwanza yaya alikataa, akasema jamani, ni mchezo wa watoto wa Wazungu. Siku ya pili alitabasamu. Baadaye ukimwita Amisi njiani hageuki. Mgema akisifiwa, mwanangu, unajua tembo linapata nini. Nami sikuwa bora kuliko yeye, nilipenda sana kuitwa dada wa Ingénieur.

Ni Koko peke yake ambaye hakupendezwa. Koko alikuwa mama wa Papa, macho yake yalikuwa na ukungu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Jioni moja aliomba apewe kifaru. Akakiweka mapajani, akakipapasa kote, akakitikisa karibu na sikio.

"Amisi, mule ndani muko nini?"

"Hamuna kitu, Koko."

"Na moteri?"

"Hapana. Ile ya kweli njo iko na moteri."

"Bon. Basi weye unajua ngozi yake tu. Ile jina banakupatia, uirudishe."

"Eh, Koko! Batu banacheza tu."

"Batu banacheza. Weye unaitika." Akamrudishia kifaru chake. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mujukuu yangu. Siku mwenyewe atakuja kuichukua, utabaki uchi mbele ya batu."

Tulicheka sana kwa ajili ya yale matako. Yaya akambusu mkono, na kesho yake akaendelea kuitika.

Miaka haikupita mingi, nchi ikachafuka. Waasi waliingia mjini, wenyewe wakijiita Simba, vijana wenye majani kichwani, wamenyunyiziwa maji ambayo waliambiwa yatageuza risasi kuwa mvua. Askari wa serikali wakakimbia. Mwanzoni tulipiga vigelegele, sisi pia, nisikudanganye. Kisha wakaanza kutafuta makarani, wenye tai, wenye miwani. Nilimwona jirani yetu anachukuliwa kwa ajili ya kalamu iliyokuwa mfukoni mwake, na mkewe anakimbia nyuma akiwaambia kwamba hajui hata kuandika vizuri. Mama akachoma mashati meupe yote ya yaya. Tai yake Papa aliikata akashonea vifuko vya chumvi. Lakini lile jina hatukuwa na namna ya kulichoma.

Askari walipokimbia waliacha blindé moja, gari la vita la chuma, kwenye barabara ya kwenda daraja la Tshopo. Imekufa, haiwaki. Simba waliitaka sana, kwa sababu habari zilikuwa zinasema jeshi la serikali linarudi. Wakauliza mtaani nani anajua vitu hivi. Nani alimtaja yaya, sijui mpaka leo. Pengine hakuwa na ubaya, pengine alidhani anamwokoa, kwamba Ingénieur mwenye kazi hawatamgusa.

Walikuja asubuhi. Komanda wao alikuwa kijana, kipande cha ngozi ya mnyama kichwani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Majirani walijaa kwenye ua, wale wale waliokula mikate yetu. Yaya akatoka, Papa kando yake, Mama mlangoni, mimi nyuma yake karibu kiasi cha kushika shati lake.

"Njo weye banakuita Ingénieur?" Komanda akauliza.

Yaya akafunga kifungo cha juu cha shati lake.

"Sikia, ndugu. Niko na blindé pale barabarani, imekufa. Nataka mutu anayejua. Kama haujue, sema haujue, ubaki hapa kwa mama yako, haiko matata. Lakini usinidanganye. Unajua ao haujue?"

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Hata mtoto angepita. Koko akapiga kelele kutoka kwenye mkeka wake, "Amisi, sema!" Yaya akawaangalia majirani. Akamwangalia Papa. Niliona shingo yake inameza mate.

"Najua," akasema.

Wakampa spana na vijana wa kumsaidia, wakaenda naye. Jioni nilimpelekea chakula, lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki. Nilikuta miguu yake tu inaonekana, kichwa kimo ndani ya tumbo la gari. Alipotoka alikuwa mweusi kwa mafuta na mikono inatetemeka, mikono ile ambayo ilishika punje za plastiki bila kutikisika. Akajifanya ananawa ili aseme nami.

"Ile ya inje najua yote," akaninong'oneza. "Kila kifuniko, kila musumari. Nimefungua kwa moteri, dada yangu, mule sijue hata kitu moja."

"Enda umwambie! Alisema haiko matata."

"Alisema vile kabla sijajibu. Sasa nilishasema najua. Na wale vijana banasema, tazama Ingénieur anafanya kazi."

"Yaya, nakuomba."

"Kesho nitamwambia."

Kesho yake akaniambia kesho. Nikamlilia, nikamwambia nitakwenda mimi kwa Komanda, akanishika mkono kwa nguvu, akasema nikifanya hivyo wataniua na mimi. Basi nikarudi nyumbani na sahani. Nilikuwa na hofu, mwanangu, hofu ya kweli.

Siku ya mwisho nilikuwa njiani na beseni la chakula kichwani nilipoona moshi. Alikuwa ameunganisha nyaya fulani, hajui zipi, na moto ukaruka ukala kila kitu mle ndani. Wanawake waliokuwa wanatoka huko sokoni wakanizuia. "Usifike kule, mama. Rudi." Wakaniambia kijana mmoja wa Simba alipiga kelele kwamba Ingénieur ameiua blindé kwa makusudi, kwamba ni mtu wa serikali, na wenzake wakaitikia. Tayari walikuwa wamemchukua upande wa mto. Nilipiga magoti pale barabarani, na lituma lote likamwagika.

Papa alikwenda mwenyewe kumwomba Komanda mwili. Hakupewa. Alipewa maneno tu, na maneno hayo alitueleza aliporudi, amekaa kwenye cherehani yake bila kuvua viatu. Komanda alimwambia, "Papa, nilimuuliza mbele yako. Mbele ya mama yake. Sababu gani hakusema? Ningemuacha."

Usidhani namtetea yule Komanda. Damu ya ndugu yangu iko juu yake, na Mungu atamuuliza. Lakini sikia Papa alivyosema baada ya hapo. Alimgeukia Koko, akasema, "Mama, Amisi aliniangalia. Aliniangalia kabla ya kujibu. Na mimi nilitaka aseme najua."

Koko hakumkaripia. Alimvuta kichwa akakilaza mapajani mwake, mzee mzima yule, akamwacha alie. Papa aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikumsikia tena akimsifia mtoto wake yeyote mbele ya wageni, hata mimi siku ya harusi yangu.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuita leo, maana hujaitwa kuja kunywa chai. Juzi nilikuja pale kwenye zahanati unapojifunza uuguzi, nikakaa benchini kukungoja, wewe hukuniona. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, mtoto ana homa. Akakuita Docteur. Akakuonyesha dawa, akauliza ampe kiasi gani. Nikaona umenyoosha mgongo. Ukageuka kutazama mlango wa ndani, nikasema moyoni, haya, sasa atakwenda kuuliza wakubwa wake. Hukwenda. Ulimjibu, na yule mama akakushukuru akaondoka.

Pengine ulijibu sawa. Mimi sijui, na wewe pia hujui, niliiona shingo yako. Usinikatize! Wewe una akili na una mikono mizuri, ndiyo maana ninaogopa, kwa sababu mjinga hakuna anayempa jina ambalo si lake. Mtu akikuita usivyo, mkatalie palepale, siku ya kwanza, wakati bado ni kicheko. Ukichelewa, kila siku inayopita linakuwa zito zaidi kulikataa, mpaka unafika mahali unaona afadhali kufa kuliko kuaibika. Aibu ya kusema sijui inakwisha kabla ya jua kuzama. Mimi ile nyingine, ya kutosema, ninayo mpaka leo, na nywele zangu zote ni nyeupe. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na hawakusema kwa kukosa la kusema.

Basi inuka. Chai utakunywa ukirudi. Yule mama anakaa nyuma ya soko, nimekwisha kuuliza watu, na nyumba yake ina mlango wa bati. Mpitie kwanza mkubwa wako, mwulize ile dawa, halafu nenda kwa yule mama umwambie kwa kinywa chako kwamba wewe si daktari. Mungu akupe ulimi mwepesi kwa neno hilo, mwanangu, akulinde na sifa za watu wanaokupenda, na akukutanishe na yule mtoto akiwa bado anapumua. Nenda.