Ukifika Kijitoni, Usigeuke

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka siwezi kuendelea kukaa. Nainuka, natoka nje, naitazama njia inayopanda kutoka kijitoni, narudi ndani. Mkaza mjomba wako huniuliza natafuta nini, nami humjibu sitafuti kitu. Leo tangu asubuhi nimeinuka mara nne, na sababu ni barua yako.

Shikamoo yako nimeiona, mwanangu. Marahaba. Umeandika vizuri, mwandiko wako umenyooka kuliko wa mama yako, na usimwambie nimesema hivyo. Umepata nafasi ya kusoma chuo kikuu Ulaya, katika nchi ndogo ambayo nimeitafuta kwenye ramani ya shule nikaona naweza kuifunika yote kwa kidole. Nimefurahi mpaka nimemsimulia mtu aliyepita kununua karoti. Lakini mwisho wa barua umesema ndege inaondoka Jumamosi ya wiki ijayo, shughuli za Dar es Salaam ni nyingi, hutapata nafasi ya kupanda huku Mgeta, basi nikubali kuagwa kwa barua hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipoinuka mara ya kwanza.

Soma polepole, maana nami naandika polepole. Vidole hivi vimeshika jembe miaka mingi kuliko kalamu.

Wakati wa Wajerumani, reli ikiwa bado ngeni Morogoro, nilikuwa na umri kama wako. Nilikaa Mlali kwa baba yangu, yaani babu yako, nikasoma kwa mapadre. Nilikijua Kijerumani cha kusali na cha kutukanwa. Kutulia sikujua. Sikumaliza tuta moja la maharage bila kusimama kutazama upande ilipo reli, na mama alizoea kusema kwamba mimi nilizaliwa nimevaa viatu.

Akaja Mzungu mmoja, profesa kutoka Uswisi, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa anakusanya majani ya miti na maneno ya watu. Nilimwongoza milimani wiki tatu, na siku ya mwisho akasema atanichukua chuo kikuu kwao kwa miaka miwili. Asubuhi ningekaa darasani nisikilize na kusoma pamoja na wengine, mchana ningemfundisha yeye na wanafunzi wake lugha yetu. Alitaka jambo moja tu, ruhusa ya wakubwa wangu. Na treni yake ilikuwa inaondoka siku ya nne.

Nilimkimbilia baba. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimekuzaa, na moyo wangu umekubali. Lakini wewe si wa ukoo wangu, ni wa ukoo wa mama yako. Panda Mgeta kwa mjomba wako Banzi. Akisema ndiyo, nami nasema ndiyo."

Padre alikunja uso, maana kwake yeye baba ndiye mwenye mtoto. Baba alikuwa Mkristo mzuri asiyekosa Jumapili hata moja, lakini hapo hakusogea.

Mjomba Banzi alikuwa kaka mkubwa wa mama, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "subiri." Ukitaka kipande cha kulima, subiri mvua zikatike. Ukitaka kuoa, subiri dada zako waolewe. Nilimpenda mjomba wangu, wala usifikiri vinginevyo, ila neno lile lilinikera kama unyasi ndani ya shati.

Nilipanda kutwa. Alasiri nikafika kijitoni, hapo hapo chini ya nyumba hii tunapochota maji hadi leo. Nikainama kunywa. Nilipoinua kichwa nikamwona juu shambani, amenipa mgongo, analima taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia. Ningeita mara moja tu angenisikia. Nilikwisha fungua mdomo. Kisha nikawaza: atasema subiri. Subiri mavuno, subiri ukoo ukutane, na treni itaondoka na mtu mwingine ndani yake.

Mwanangu, nilisimama pale muda wa kumenya muhogo mmoja. Halafu nikageuka, nikarudi mbio nilikotoka.

Kesho yake nikamwambia baba, "Amekubali."

Baba akanitazama usoni. "Amekupaka unga?"

Wewe hujawahi kuona, kwa hiyo nikueleze. Mjomba anapomtoa mpwa wake kwenda safari ya mbali humpaka unga wa mtama kwenye paji la uso, akamwambia maneno. Asiyepakwa hajaondoka, ametoroka tu.

Nikasema, "Umetoka kwa jasho."

Aliniamini. Mpaka leo naona jinsi alivyonishika bega akicheka, akisema Banzi siku hizi amekuwa mwepesi.

Ya huko Uswisi nikianza sitamaliza. Mji ulikuwa kando ya ziwa, watu wake ni wapole na wanachunga saa zao kama sisi tunavyochunga mbuzi. Darasani nilikaa benchi la nyuma. Walinitazama wiki ya kwanza, ya pili wakazoea. Nilisoma, tena kwa bidii, na sijutii hata ukurasa mmoja. Lakini sikutulia. Nilikuwa nazunguka lile ziwa kila jioni mpaka viatu vinalowa, nikifika chumbani nataka kutoka, nikitoka nataka kurudi. Nilidhani ni baridi.

Kisha ikaja barua, imeandikwa na katekista wa Mlali kwa niaba ya baba. Baba, mtu muungwana yule, alikuwa amembeba jogoo akapanda Mgeta kumshukuru mjomba kwa kunikubalia. Mjomba akamuuliza, "Shukrani ya jambo gani?" Ikabidi baba asimame mbele ya ukoo wa mkewe, jogoo kwapani, asikie kwamba amempeleka mtoto wa wenyewe ng'ambo bila wenyewe kujua. Barua haikunigombeza. Ilisema tu kwamba baba hapandi tena Mgeta, na mama analia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wiki hiyo hiyo profesa aliniita mbele ya mashine yake ya kunasa sauti, yenye tarumbeta kubwa. Wanafunzi walikuwa wameshika kalamu. Akauliza, "Kwenu, kijana akienda safari ya mbali, mjomba wake humwambia nini? Sema maneno yenyewe."

Mashine ikazunguka. Mimi niliyeitwa huko kwa kuwa najua ya kwetu, nilikuwa sijui. Maneno hayo mtu huyasikia siku anapoambiwa mwenyewe, na mimi niliyakimbia kijitoni. Nikaona aibu kusema sijui, nikachanganya sala ya padre na wimbo wa kulimia, nikayatoa kwa sauti nzito. Profesa akafurahi sana. Mpaka leo yamo humo kwenye makabati yao, maneno ambayo hakuna mjomba aliyepata kuyasema.

Miaka miwili ilipotimia nilirudi. Walinipa cheti chenye muhuri, nikapewa na koti. Nilipotelemka kwenye treni Morogoro sikwenda Mlali. Nilipanda Mgeta moja kwa moja na koti langu, jua la mchana linanichoma, sithubutu kulivua.

Mjomba alikuwa mlangoni anasuka kikapu. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

Hakujibu. Wewe hujui, mwanangu, shikamoo isiyojibiwa ina uzito gani. Nikarudia. Akaendelea kusuka.

Mwisho akasema, bila hasira, "Hapa hakuna aliyeondoka. Sasa anayerudi ni nani?"

Nikalia kama mtoto. Nikamweleza yote, treni, woga wangu, uongo wa unga. Nikamwambia nilifika mpaka kijitoni.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Nikainua uso kumtazama.

"Nilikuona unashuka kilima cha ng'ambo, kabla hujafika majini. Nikamwita mkaza mjomba wako atie chungu motoni. Nikarudi kulima nikingoja uniite, maana mgeni huita. Nilidhani unakunywa maji. Nilipogeuka hukuwapo. Ugali tuliula wawili, haukwisha."

Nikamuuliza lile lililokuwa linanizungusha ziwa lile miaka miwili. "Mjomba, ungenikatalia?"

Akaweka kikapu chini. "Nikukatalie kwa nini? Ningekwambia usubiri ugali uive."

Basi. Ni hilo tu lililokuwa linaningoja juu ya kilima, sahani ya ugali.

Hakuniacha hapo. Alinikalisha, chungu kikawekwa motoni, tukala. Akaleta unga wa mtama, akanipaka usoni, mimi na koti langu la Uswisi, akaniambia maneno ya kumtoa mtu kwenda safari, neno kwa neno, kama vile treni inaningoja. Akasema, "Haya, nenda." Nikashuka mpaka kijitoni, unga usoni, watoto wa jirani wananicheka. Nikasimama majini. Nikageuka, safari hii kuelekea juu, nikaita kwa sauti yangu yote, "Mjomba!"

Akaitika toka mlangoni, "Marahaba! Karibu, mpwangu. Habari za Ulaya?"

Kesho yake aliniongoza hadi Mlali, na jogoo kwapani, akamwomba baba msamaha kwa niaba yangu mbele ya watu. Baba alipanda tena Mgeta.

Sasa mwanangu, mama yako ni dada yangu wa mwisho, na Banzi hayupo. Anayekaa katika nyumba yake ni mimi. Nasaha yangu ni fupi. Nenda ukasome, tena usome sana, wala usiwaonee haya wenzako kwa benchi utakalokalia. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Lakini usiondoke kwa kukimbia watu wanaokupenda kwa kudhani watakuzuia. Waliobaki nyumbani hawashiki mlango, wanangoja tu kuitwa. Mtu aliyeagwa vizuri hukaa ugenini ametulia, kwa sababu anajua kuna aliyemtoa na yupo wa kumpokea.

Maneno ya mjomba siyaandiki hapa. Profesa alipoleta barua kuyaomba tena, nilimnyima hata yeye. Panda basi Jumatatu, hapo Morogoro ulizia malori ya mboga, yanarudi Mgeta matupu kila mchana. Utalala usiku mmoja, na ndege yako utaiwahi.

Mungu akutangulie baharini na angani, akupe afya, akupe walimu wenye subira na marafiki wasiokucheka. Urudi mzima, utukute wazima.

Unga umekwisha sagwa. Kuanzia Jumatatu mchana nitakuwa shambani nimekupa mgongo, nikijifanya nalima. Ukifika kijitoni, kunywa maji, kisha uniite.