Mwaka wa Kupumzisha Mianzi

Mdogo wangu alipoolewa, Mbeya, nilikaa meza ya mbele na sura ya mtu anayesubiri kung'olewa jino. Watu wanaserebuka, mama analia kwa furaha, mimi najiuliza taa zitazimwa saa ngapi. Sikuwa na huzuni. Huzuni ningeielewa. Ndani hapakuwa na kitu. Mdogo wangu aliponilisha keki aliniinamia akasema, "Dada, si ungejifanya tu, hata leo?" Nikajifanya. Akaona kabisa kwamba najifanya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Chanzo nilikijua. Kwa miaka mitano niliuza nguo soko la Mwanjelwa, na kila wikiendi nikawa mtu mwingine. Palikuwa na vidonge vidogo vya rangi, vimechorwa vizuri kama peremende. Ukimeza kimoja, unampenda kila mtu, hadi mlinzi wa geti. Sitasema uongo hapa: raha ilikuwepo. Mwaka wa kwanza kimoja kilitosha. Mwaka wa tano vitatu vilinipa kiu na kusaga meno tu, halafu mpaka Jumatano natazama ukuta. Niliacha kwa ukaidi wangu mwenyewe, nikidhani nikishaacha furaha itarudi yenyewe. Harusi ile ilinikuta nina miezi minane bila kidonge, usingizi vipande vipande, nasahau bei za nguo nilizozitundika asubuhi.

Daktari wa magonjwa ya akili niliyemwendea hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinieleza kwamba ubongo una kemikali iitwayo serotonini, inayosaidia hali ya moyo, usingizi na hamu ya kula. Kidonge hakileti furaha mpya. Kinakamua serotonini iliyopo, imwagike nyingi kwa mpigo mmoja. Ukikamua hivyo kwa miaka, njia zinazoipokea na kuirudisha mahali pake zinaweza kudhoofika.

"Itarudi?" nikauliza.

"Wengi hupata nafuu, taratibu. Huenda isiwe yote. Lini, siwezi kukuambia."

Akanipangia tarehe za kurudi na kunikataza pombe. Ningekuwa na nguvu za kukasirika, ningekasirika.

Mama akanipeleka kijijini Igowole kwa shangazi, mjane anayegema ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kumpeleka mtu aliyekatazwa pombe kwa mgema ni akili ya mama yangu peke yake. Ila shangazi hakunionjesha hata tone. Alinipa kisu kidogo na kunifundisha kazi: chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, kisha asubuhi na jioni unalichonga utando mwembamba kama ganda la kitunguu, na maji yanadondoka ndani ya mbeta, kikopo cha mwanzi unachokifunga hapo. Akanikabidhi kichaka kimoja kiwe changu.

Mimi ni mtu wa sokoni. Nikaona huo utando ni uvivu. Nikachonga vipande vinene, tena mara tatu kwa siku. Siku tatu mbeta zilifurika, nikawacheka wagema wote wa Igowole. Wiki haijaisha, machipukizi yote yakawa makavu. Shangazi akaja, akapitisha kidole gumba kwenye mkato.

"Sasa kichaka hiki hakiguswi mpaka mvua za mwakani," akasema. "Na usiwe unakuja kukichungulia kila siku, mwanangu. Hakitakusikia."

Jioni tukimenya viazi nikamweleza yale ya daktari, vidonge, serotonini, yote. Nilitegemea anionee huruma. Akacheka mpaka kiazi kikamponyoka.

"Kumbe na wewe ulijigema kwa shoka. Basi na wewe tutakuacha mpaka mvua za mwakani."

Nikaachwa. Nilichonga vichaka vyake, utando mwembamba, asubuhi na jioni. Nililima viazi. Nilikwenda mjini Mafinga kila tarehe ya kliniki. Usingizi ulitangulia kurudi, nikalala saa sita mfululizo nikaamka na hofu kwamba nimechelewa kitu. Furaha haikuja, na nilijikataza kuichungulia. Naogopa sana kuandika hili, lakini zipo siku nilizoamini haitakuja kamwe.

Mvua zikarudi. Kichaka changu kikatoa machipukizi sita, manene kuliko ya jirani. Asubuhi moja nilikuwa nakichonga, mteja wetu mmoja akaja, mzee wa kanisa ambaye hufika, kwa maneno yake, kukagua tu mianzi kama inaendelea vizuri. Akainamia mbeta zangu mbili, akakagua. Kisha akasimama wima, akanihubiria juu ya vijana walioharibiwa na vilevi. Hasira ikanipanda mpaka masikioni, hasira ya kweli, ya moto, sijaipata miaka. Nikageuka nimjibu. Povu jeupe la ulanzi lilikuwa limejaa kwenye sharubu zake, yeye anaendelea na mahubiri. Shangazi, bila neno, akamnyooshea kona ya khanga yake.

Nilicheka. Nilikaa chini kwenye matope nikacheka mpaka mbavu zikauma, machozi yakatoka, na katikati yake nikagundua kwamba sijifanyi.

Furaha yote haijarudi. Bado nasahau vitu, na wiki nyingine zinapita zimepooza. Lakini ile asubuhi nilishinda, na sitaona haya kusema nilishinda. Nikampigia mdogo wangu nikiwa bado na matope.

"Nimecheka," nikamwambia.

Akauliza, "Unajifanya, dada?"

Nilitaka kumjibu, lakini nikaikumbuka kona ya khanga, nikaanza kucheka upya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo ndiye dada yangu," akakata simu ili alie vizuri.